Milango Miwili Kila Chumba

Jumatatu, 6 Juni 1994
Tumehamia nyumba ya mawe ya Mjerumani, juu kidogo ya ziwa la Masoko. Serikali ya kijiji imetamka: atakayekutwa anaishi humo siku ya mkutano, Jumamosi, ndiye atakayepewa. Jirani yangu Ezron aliitaka iwe ghala la kahawa. Kalala. Mimi naitaka gesti ya watalii. Ni zama za soko huria, mjinga ndiye aliwaye. Kuta nene, madirisha ya tao, na kila chumba kina milango miwili. Vyumba vinazunguka mpaka unarudi ulipoanzia. Mke wangu Ikupa kasema nyumba hii haina pa mkwe kumkwepea baba mkwe, na kwetu ni mwiko waonane. Nimemjibu kwamba mke wa mwanetu, Tusekile, atashinda jiko la nje. Ikupa haoni mbali.

Jumanne, 7 Juni
Asubuhi ukungu umeingia mpaka ndani. Nimefika chumba cha kwanza. Mlango wa mbele yangu ukajifunga taratibu. Nikaufungua. Wa pili ukajifunga. Nimezunguka nyumba nzima hivyo, nyayo zikinitangulia. Sakafu imelowa. Nimeogopa, sifichi.

Alhamisi, 9 Juni
Nimeamua kumtega huyo Mjerumani, maana mzimu ni wake tu. Nimepigilia misumari mlango mmoja, kisha nikamfukuza. Kakwama. Nikausukuma mlango, upande wa pili mtu akausukuma pia, akihema. Ikupa akaja mbio, akauliza kama nataka kumuua mkwe kwa aibu. Kumbe ni Tusekile, na ndoo yake ya kupigia deki, anakimbia macho yangu kama mwiko unavyotaka. Mzee mzima nimemkimbiza mkwe! Kaenda kwao Igogwe. Mwanangu Anyosisye kamfuata, kasema hawarudi mpaka nihame. Inaniuma. Ila Jumamosi ni keshokutwa.

Ijumaa, 10 Juni
Ikupa naye kaondoka. Kasema nichague, mawe au watu. Niko peke yangu. Asubuhi mlango ukajifunga, taratibu. Nikafurahi: mkwe karudi. Safari hii nimeshika adabu. Nikakohoa, nikageukia ukutani ili apite. Akapita nyuma yangu. Baridi ikabaki shingoni. Nikiwa bado nimegeuka, Anyosisye akachungulia dirishani, anataka mablanketi: Tusekile yuko Igogwe, homa haijamwacha tangu jana. Akauliza nimegeukia ukuta kumpisha nani. Hakusubiri jibu, wala mablanketi.

Jumamosi, 11 Juni
Nyumba ni yangu. Mkutano umefanyika uani. Hakuna aliyetaka kuingia, hata Ezron. Ikupa hakuja. Watarudi wakiwaona watalii. Nimetandika chumba cha kati, nikatoka kufuata mto wa kulalia. Kurudi, milango yote miwili imefungwa kwa ndani. Nikakohoa. Ndani kikohozi kikajibu. Mgeni wangu wa kwanza, na adabu anazo. Kesho nitambishia hodi nimuulize kama anakunywa chai.