Maombi ya Evarista, Yakiwa Yamesahihishwa na Babu Yake

Jumatatu, 2 Februari
Shajara yangu, salamu nyingi, na pole kwa kungoja. Siku kumi na tisa za ukimya! Niwie radhi, ilikuwa palizi, kisha mgongo. Tangu marehemu mke wangu Dorkasi anitoke, ni wewe tu usiyenikatiza.

Mjukuu wangu Evarista, mwenye shahada ya takwimu, amekwenda Mlali kumwuguza shangazi yake. Huko mtandao hushika juu ya kilima tu. Miaka miwili anaomba kazi mtandaoni. Maombi sitini na moja. Majibu mawili, yote ya kumpa pole. Sasa ni kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti, Kondoa. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni. Ameniachia kompyuta, kila kitu kimejazwa, hata namba yangu ya simu. Cheti kipigwe muhuri wa wakili, nikiambatishe, nibonyeze “Tuma”. Basi. Alirudia mara tatu: Babu, usiguse kitu kingine. Nimeahidi.

Jumanne, 3 Februari
Muhuri umepatikana. Nimeisoma barua yake ya maombi. Ee Mungu! Hakuna salamu hata moja. Inaanza: “Mimi ni mchambuzi hodari wa takwimu.” Binti anajisifu mbele ya watu asiowajua! Misheni tulichapwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Jirani yangu Gerson alichungulia, akasema niiache ilivyo. Mwanawe Fredy alijiandika kiongozi wa watu, naye hata mbuzi wawili humshinda. Leo ana kiti cha kuzunguka. Nilimshukuru kwa ushauri. Sikuufuata.

Jumatano, 4 Februari
Nimesahihisha. Nimewajulia hali wakubwa wa kiwanda, familia zao na mvua za Kondoa. Nimeomba radhi kwa kuchelewa. Hatujachelewa, lakini ni adabu.

Kompyuta imekataa! Kisanduku hupokea herufi elfu moja tu, na salamu zimekula mia tisa na arobaini. Ilinibidi kupunguza. Nimeondoa shahada. Nimeondoa na ile miezi sita ya kuhesabu kaya. Shahada wataiona kwenye cheti. Salamu hazionekani kwenye cheti.

Nimebonyeza “Tuma”.

Alhamisi, 5 Februari
Wamepiga simu! Dada Emiliana, wa ofisi ya ajira kiwandani. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza kwa upole kama mwombaji amekwisha kustaafu. Nikaeleza kuwa ni mjukuu wangu. Akauliza basi ana sifa gani.

Swali gumu! Mwenye mtoto hamsifu mtoto wake. Nikajibu inavyonipasa: hana lolote, mvivu kidogo, ugali wake una mabonge, ila wakimvumilia atajifunza.

Kisha akauliza: Mzee wangu, kwani kazi mnaitaka au hamuitaki?

Gerson alisikia yote toka uani kwake. Alicheka hadi akaketi chini. Ati maneno hayo ni ya kumpokea mshenga, na mafuta ya alizeti hayaji kuposa. Jirani asiye na haya.

Ijumaa, 6 Februari
Saa nne asubuhi Evarista alipanda kilima, akafungua maombi yake kwenye simu. Akayasoma. Akanipigia. Shikamoo ilikuwa fupi mno. Akaniuliza shahada yake iko wapi. Nikamweleza habari ya herufi elfu moja. Alilia, shajara yangu. Alisema kazi ya sitini na mbili nimeizika mimi kwa mkono wangu. Nimeomba radhi mara saba.

Amempigia Emiliana mwenyewe, akaruhusiwa kuandika upya. Saa tano nzima juu ya kilima, juani! Saa tisa na nusu akatuma. Saa kumi na moja wakamwita kwa usaili, Jumatatu. Mungu asifiwe!

Kisha akaniapisha: nisiwaandikie kiwanda, nisiwapigie, nisiwasalimie. Nisiwasalimie! Nimeapa.

Jumapili, 8 Februari
Evarista amerudi. Amepiga pasi sketi, anajisemea majibu mbele ya kioo. Kesho anapanda basi la saa mbili.

Kanisani sikusikia mahubiri. Binti aingie mlangoni pa watu bila mtu wa kumtangulia na kubisha hodi? Haiwezekani. Nami niliapa juu ya kiwanda. Juu ya Emiliana binafsi sikuapa.

Barua ya kurasa sita, kwa mkono. Salamu, shukrani, radhi kwa usumbufu. Na, wasije wakashtuka baadaye, kasoro zake zote tangu darasa la kwanza. Nimefunga kwa gundi. Itabebwa na Mustapha, kondakta wa basi la alfajiri. Ameahidi kuitia mkononi mwa Emiliana saa nzima kabla Evarista hajafika.