Utafiti Wangu wa Matundu Madogo

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Bibi amekataa tena. Daktari wa hapa Tarime alisoma picha ya tumbo na kusema mfuko wa nyongo umejaa mawe. Hospitalini Mwanza watautoa Jumatatu ya tarehe 11, kwa matundu madogo tu. Kamera inaingia tundu moja, vyombo vinaingia mengine, daktari anatazama kwenye televisheni. Bibi amejibu kwamba televisheni ni ya kutazama taarifa ya habari. Dada yake alifunguliwa kutoka kifuani hadi kitovuni, akarudishwa nyumbani ndani ya jeneza. Basi.

Baba mdogo Machage ameamua. Siku ya Nanenane atachinjwa mbuzi, na Mzee Wangwe aje kutoka Busawe kuusoma utumbo. Utumbo ukisema nenda, Bibi anakwenda. Ukisema kaa, anakaa. Bibi ameridhika. Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu ninayesoma sayansi, sikuulizwa kitu.

Lakini nina utafiti! Tangu Mei nachunguza upasuaji wa matundu madogo kwa ajili ya mashindano ya shule. Nina katoni la kuigiza tumbo, simu ya mama ya kuigiza kamera, na spoku mbili za baiskeli nilizozikunja ncha. Bibi anahitaji kuona kwa macho yake. Nitamwonyesha.

Jumatatu, 4 Agosti

Jaribio: kutoa harage ndani ya boga kupitia tundu, huku natazama simu tu. Ugumu mkubwa! Mkono ukienda kushoto, ncha inakwenda kulia, maana chombo kimeshikwa katikati na tundu. Nimetoa harage moja. Boga limekuwa uji. Mama ameuliza nani amelichezea boga lake. Nikasema panya. Akasema huyo panya yuko kidato cha tatu.

Ili mkono uzoee, nimeanza kula nikijitazama kwenye kioo. Tonge la kwanza lilikwenda sikioni. Bibi aliniangalia. “Rhobi, mke mwenzangu,” akasema, “mume gani atakuoa na unakula kwa sikio?” Kisha akashika ubavu. Maumivu yanamjia kila akimaliza kula. Siku hizi anakula kidogo kuliko kuku.

Shuleni, Mwalimu Selestine ameisifu sabuni ya mwarobaini ya Neema mbele ya darasa zima. Katoni langu alilisukuma kwa kidole. Utafiti usio na shahidi ni hadithi, alisema. Neema aliandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari. Tunakaa dawati moja.

Jumatano, 6 Agosti

Mafanikio! Fundi Maftah, yule wa gereji nyuma ya stendi, ana kamera ya waya. Ni nyembamba kama nyoka, ina taa kichwani, inachomekwa kwenye simu. Anaiingiza ndani ya injini bila kuifungua. Nikamwambia kwamba anafanya kazi ileile ya madaktari wa Mwanza. Akasema tofauti ipo: injini ikifa, haina ndugu wa kuja kulia mlangoni kwake. Ameniazima hadi Jumamosi. Sharti: irudi ikiwa safi.

Mpango ni huu. Mbuzi akishachinjwa, kabla hajafunguliwa, nitapita kwa matundu madogo, nirekodi video, niitoe nyongo nzima bila kumwaga tone. Bibi ataona. Kisha Mzee Wangwe atausoma utumbo ambao sikuugusa. Sayansi na mila, kila moja na zamu yake. Nimetafuta kasoro, sikuiona.

Neema amekubali kuwa shahidi na kushika pampu, ila jina lake litangulie langu kwenye ripoti. Nimekubali. Kwa ajili ya Bibi.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Nimekwisha.

Niandike kwa utaratibu. Mbuzi alichinjwa asubuhi, akalazwa kwenye majani ya mgomba nyuma ya zizi. Pikipiki iliyombeba Mzee Wangwe ikapata pancha njiani. Wanaume wakaenda kukaa mbele ya nyumba, na Baba mdogo akanipa kazi ya kufukuza nzi. Mimi! Niliona mkono wa Mungu.

Neema akatokea migombani na pampu ya baiskeli. Madaktari huingiza hewa tumboni ili wapate nafasi ya kuona. Nasi tukaingiza. Neema alipampu kama mtu anayefukuzwa. Tundu moja la pampu, moja la kamera, moja la spoku. Na tuliona! Kwenye simu ya mama: ini linang'aa, na chini yake mfuko wa nyongo umejilaza kama embe changa. Machozi yalinitoka. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Nikapeleka spoku kushoto. Ikaenda kulia, ikatoboa utumbo. Nikaivuta haraka. Ikatoboa nyongo. Simu yote ikawa kijani.

Hapo tukasikia pikipiki. Neema akachomoa pampu, akatoweka. Nikaziba matundu kwa ugali wa asubuhi, nikalaza manyoya juu yake, nikaficha kamera ndani ya sweta. Hewa nikaisahau.

Mzee Wangwe alipiga magoti. Akalitazama tumbo, akasema huyu mnyama alishiba. Akaweka kisu.

Mbuzi akapumua. Pumzi ndefu, ya uchovu, kama ya mama anayetua ndoo. Ugali ukaruka ukampiga Baba mdogo shavuni. Wanaume wazima waliruka ua wa zizi wakaenda kusimama katikati ya ng'ombe. Mzee Wangwe peke yake hakukimbia, kwa sababu magoti yake hayanyooki upesi.

Akausoma utumbo. Una tundu: njia imekatika. Ini limekuwa kijani: kuna uchungu huko mbele. Na ile pumzi hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Bibi asiende Mwanza.

“Afadhali,” Bibi akasema. Akaingia ndani kulala, mkono ubavuni.

Nyama ilikuwa chungu kama kwinini. Waliila yote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema ukweli wote mbele ya Baba mdogo na Mzee Wangwe, ambaye alilala kwetu. Nilianza na shikamoo, nikamalizia na pampu. Hawakuamini! Baba mdogo alisema ameona mengi, lakini msichana wa kujisifia mkosi hajamwona. Mzee Wangwe alikuwa mpole, jambo ambalo ni baya zaidi. “Mjukuu wangu, nilikuwa nasoma mbuzi kabla baba yako hajaota meno. Ishara haijazwi kwa pampu.”

Nikataka kuonyesha video. Nilisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Nikamwita shahidi. Neema alikuja amevaa sare ya kwaya. Jana asubuhi alikuwa mazoezini, alisema, na mbuzi anawaogopa tangu utotoni. Alisema hivyo bila kupepesa jicho. Utafiti usio na shahidi ni hadithi.

Fundi Maftah aliinusa kamera, akanirudishia, akanielekeza bomba lilipo.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo ndiyo siku yenyewe. Kitanda cha Bibi kule Mwanza amepewa mtu mwingine. Yeye ameketi jikoni anachagua mchele na kusema hajambo. Uso wake umepauka kama ganda la kitunguu saumu. Sikwenda shule. Nimemsaidia kuchagua mchele.

Alhamisi, 14 Agosti

Homa. Anatapika. Alfajiri amepiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu wetu. Baba mdogo alipata gari la kwenda Mwanza kabla jua halijachomoza. Hakuna aliyetaja mbuzi.

Mama alibaki na wadogo zangu, mimi nikapanda nyuma na kumpakata Bibi kichwa. Nikamwambia tena, polepole, yote: pampu, spoku, ugali. Tulipopita daraja akauliza:

“Ulikuwa unatafuta nini humo?”

“Nyongo, Bibi.”

“Uliiona?”

“Niliiona. Ilikuwa nzuri.”

Akacheka. Kisha akalia kwa maumivu, akaniomba kwa jina la Mungu nisimchekeshe.

Jumapili, 17 Agosti

Yu hai. Naandika hilo kwanza.

Walianza kwa matundu madogo. Kamera iliingia. Daktari akakuta kila kitu kimevimba na kushikamana, hakuna pa kupitisha chombo bila kudhuru. Wakaacha kamera, wakafungua. Mshono umeanza chini ya mbavu na unaendelea hata sitaki kuutazama. Daktari, ambaye ni mwanamke mwenye sauti ndogo, alimwambia Baba mdogo kwamba angefika Jumatatu wangemaliza kwa matundu. Akauliza nini kiliwachelewesha. Baba mdogo akatazama sakafu. Mimi nikatazama sakafu. Tulikuwa tunatazama kigae kilekile.

Tangu Mei nafanya utafiti ili Bibi asifunguliwe. Bibi amefunguliwa. Haya ndiyo matokeo ya utafiti.

Jumamosi, 30 Agosti

Bibi amerudi nyumbani. Amekula ndizi sahani mbili, na maumivu hayakumjia! Nilitoka nje nikashukuru nikiwa nimesimama nyuma ya zizi, palepale.

Mengine ni huzuni tupu. Bibi anajivunia mshono. Wanawake wanakuja kutoka mbali kuutazama, naye anawafungulia kama duka. Anauosha kwa sabuni ya mwarobaini ya Neema, iliyoshinda mashindano. Neema huileta mwenyewe na kupokea baraka. Mzee Wangwe naye alifika kumpa pole. Alikumbusha kila mtu kwamba yeye alitabiri: njia ilikatika, uchungu ulikuja, na ile pumzi je? Bibi si anapumua? Wote wakasema kweli. Baba mdogo alimpigia makofi.

Kibaya kuliko yote: jirani yetu Mogesi ana mawe yaleyale. Mwezi uliopita alikuwa amekubali kwenda kwa matundu madogo. Leo, baada ya kuuona mshono, amesema matundu ni ya watoto. Naye anataka kufunguliwa kama mtu mzima. Nilieleza utafiti wangu kuanzia mwanzo. Mogesi akaniomba maji ya kunywa.

Jumamosi ijayo watachinja mbuzi, na Mzee Wangwe atakuja kusoma kama Mogesi aende au akae.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja tu, nalo ni hewa. Safari hii nitaitoa kabla mzee hajafika. Na nitabonyeza kitufe cha kurekodi.

Pampu ninayo bado. Neema ameuliza kama jina lake linaweza kutangulia tena. Nimemwambia linaweza.