Kocha wa Kilo Majengo

Njuki alikuwa na siku mbili tu mjini Meru alipoliona lile hema. Lilikuwa limesimamishwa kando ya soko la Majengo, na ndani yake wauguzi walikuwa wakipima watu sukari na presha bila malipo. Njuki hakuingia. Aliketi ng'ambo ya barabara na chai yake na chapati mbili, akawatazama watu wakitoka.

Walitoka na karatasi. Kila mmoja aliishika yake kama barua ya kuitwa kortini. Mama mmoja aliisoma, akaikunja mara nne, akaificha, kisha akavuka barabara na kununua mandazi.

"Kwani wameandikiwa nini hapo?" Njuki alimuuliza muuza chai.

"Ati wapunguze mafuta ya mwili. Wakule mboga, waache sukari, watembee kila siku."

"Na wamelipa?"

"Ni bure."

Njuki akaweka kikombe chini. Watu wa kazi yake hupata wito kama wahubiri wanavyoupata, ghafla na mahali popote. Ushauri wa bure, aliwaza, ni nani aliwahi kuufuata? Watu hawa walihitaji kuhurumiwa. Walihitaji kulipishwa.

Haki isemwe: Njuki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, na uvivu una gharama zake. Kwao ni Kanja, upande wa Embu, ambako shamba la mamake lilikuwa likimngoja kwa miaka kumi na mitano. Soko la Kianjokoma alikuwa amelihama mwezi uliotangulia, baada ya kuwauzia wakulima dawa ya kufukuza fuko, dawa ambayo fuko wenyewe waliipenda sana.

Siku tatu baadaye alisimama kando ya soko akiwa na suti ya michezo, filimbi shingoni, mizani ya mtumba ya kupimia watu, na chupa ishirini za maji ya tangawizi yaliyochemshwa na majani ya mapera. Alijiita Kocha. Kitambi chake alikuwa amekikaza kwa mshipi mpana, na mtu akikitazama sana alieleza kwamba mkimbiaji wa kweli huweka pumzi hapo.

"Mimi siuzi maneno!" alitangaza. "Unapanda kwa mizani leo, unakunywa hii dawa wiki moja, unarudi. Kilo ikianguka, unanilipa mia mbili kwa kila kilo. Isipoanguka, hulipi kitu. Sasa mwizi ako wapi hapo?"

Mwizi alikuwa nyuma ya mizani, mahali penye kidude kidogo cha kuzungusha. Mteja akija mara ya kwanza, Njuki alikizungusha ikaongeza kilo nane. Akirudi baada ya wiki, alikirudisha nusu. Karani mmoja aitwaye Lydiah, ambaye alikunywa dawa hiyo huku akila chipsi kila mchana, aliambiwa kilo nne zimeanguka. Alipiga kelele za furaha hadi punda wa kubeba maji akashtuka. Alilipa, akawaambia wenzake wote ofisini, na Njuki akaanza kula nyama choma mara mbili kwa siku.

Ndipo akaja Sharifa.

Sharifa alikuwa na bucha Majengo tangu ujana wake, na wateja walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Alikuwa mjane. Sukari ilikuwa imemchukua mumewe kwa vipande: kwanza kidole, kisha mguu, kisha yeye mzima. Sasa wauguzi wa hemani walikuwa wamemwambia yake pia imepanda. Karatasi kama ile alikuwa nayo nyingine chini ya godoro, ya mwaka uliopita, na nyingine ya mwaka juzi.

Alipanda kwenye mizani ya Njuki.

"Mia moja na nne!" Njuki akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mama, umekuja wakati mzuri. Ungechelewa kidogo tu..."

Sharifa aliutazama mshale. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amejipima dukani kwake, kwenye mizani kubwa ya sakafuni ya kupimia nyama inapotoka machinjioni, mizani ambayo haijawahi kumpendelea mtu wala ng'ombe. Ilimwambia tisini na sita. Akateremka taratibu, akauona mkono wa kocha ukitoka nyuma ya kile chombo, na akaelewa kila kitu.

Angeweza kupiga kelele. Majengo nzima ingekuja, na Njuki angejifunza kukimbia kweli. Lakini Sharifa alifikiria jambo jingine. Mara tatu alikuwa amejaribu kutembea asubuhi peke yake, na mara tatu alirudi nyumbani kwa aibu. Mtu mnene akienda mbio Majengo, watu huuliza nani anamfukuza. Akitembea nyuma ya kocha mwenye filimbi, hayo ni mambo ya wataalamu.

"Kocha," akasema, "wiki moja haitoshi. Nikikuletea watu kumi na wanane, utatushika wiki sita?"

"Bei ni ileile ya kilo?"

"Ileile. Utalipwa siku ya mwisho, kwa jumla. Lakini watu wangu ni wagumu. Watataka uwatangulie njiani, na mle chakula kimoja. Jina lako liandikwe la kwanza kwenye daftari, uzito na masharti sawa na wote. Na kipimo cha mwisho tukifanyie kwangu, kwenye mizani yangu."

Njuki alikaribia kucheka. Mizani ya bucha ingesema ukweli, na ukweli ulikuwa kilo nane chini ya uongo wake. Huyu mama alikuwa akimpa kilo nane za kila mtu kabla hata hawajafunga viatu! Alitia sahihi haraka, kwa herufi kubwa, mama asije akabadilisha nia, na jioni hiyo akapanda mizani ya bucha ili uzito wake uandikwe.

Asubuhi ya kwanza, swala ya alfajiri ilipokwisha, watu kumi na wanane walikuwa wamesimama mbele ya bucha. Lydiah alikuwepo. Nurudin, fundi wa nguo mwenye miaka sitini na miwili, alikuwa amevaa kanzu na raba mpya. Hakuna aliyemwambia Njuki kwamba kila mmoja wao alikuwa amepita kwa Sharifa jioni iliyotangulia akapimwa.

"Tunaenda wapi, Kocha?" Nurudin akauliza.

"Hapo tu karibu," Njuki alianza.

"Makutano," Sharifa akasema. "Kwenda na kurudi."

Barabara ya kwenda Makutano inapanda. Inapanda kwa adabu mwanzoni, kisha inasahau adabu. Kufika nusu, Njuki alikuwa akipuliza filimbi ili watu wasisikie anavyohema. Kufika juu hakuwa na pumzi hata ya filimbi.

"Kocha, kwani ni kawaida kugeuka rangi hivyo?" Lydiah aliuliza.

"Ni... mbinu," Njuki akajibu.

Chakula kilikuwa adhabu ya pili. Sharifa aliitoa karatasi yake chini ya godoro, akaipika kama ilivyoandikwa: nusu ya sahani mboga, maharagwe kidogo, kipande cha nyama kisicho na mafuta, ndizi za kuchemsha mbili, chai bila sukari. Walikula uani kwake mchana na jioni, na macho kumi na manane, bila kuhesabu yale ya upande wa pili wa kila pua, yalikuwa juu ya sahani ya kocha. Wiki ya pili alitorokea kibanda kimoja cha Makutano akaagiza mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama na damu. Alikuwa ameipeleka mdomoni aliposikia sauti.

"Kocha?"

Alikuwa Lydiah, na nyuma yake wenzake wawili wa ofisini.

"Naonja tu," Njuki akasema, "nijue adui yetu ako na nguvu kiasi gani."

Alilazimika kuirudisha. Muuzaji mwenyewe alimhurumia.

Zile chupa zilisahaulika wiki ya tatu. Nurudin alilalamika kwamba zinamtafutisha choo njiani, na hakuna aliyezikumbuka tena. Lakini jambo geni lilikuwa likitokea, na Njuki hakulipenda. Lydiah aliacha kupanda ngazi za ofisi kwa vituo. Nurudin akapunguza kiuno cha suruali zake mwenyewe, akajitoza bei ya rafiki. Sharifa alianza kuimba kwenye mlima, wimbo wa harusi, na wengine wakamwitikia. Asubuhi moja Njuki aligundua kwamba amefika Makutano akiwa anaongea, na kwamba anasikia njaa ya maharagwe. Alijikasirikia siku nzima. Kilichomtia moyo ni hesabu ya siku ya mwisho.

Siku hiyo ilifika. Watu walijaa mbele ya bucha, wakicheka, wamevaa nguo walizokuwa wamezificha miaka mingi sandukuni. Sharifa alimwita Njuki chumba cha nyuma, yeye na mizani yake, akafunga mlango.

"Panda kwangu," akasema.

Njuki akapanda, akausoma mshale. "Sabini na tisa."

"Sasa panda kwako." Sharifa akainama, na kwa kidole chake kinene cha mchinja akakizungusha kile kidude. Mshale ukaruka hadi themanini na saba. "Nimeuza nyama miaka thelathini, Kocha. Mizani ikiongopa, mimi huisikia."

Njuki akateremka haraka. Sharifa akafungua daftari jingine, na ndani yake mlikuwa na uzito wa kila mtu kama ulivyokuwa ile jioni ya kwanza.

"Kumbe ulijua, na ukanyamaza!"

"Nilinyamaza wiki sita. Si kazi rahisi kwa mwanamke wa Majengo."

"Sawa, sawa mama." Njuki alikuwa mwepesi wa kuhamia ukweli palipokuwa na faida. "Basi nilipwe kilo za ukweli. Si wameanguka? Lydiah peke yake ni sita!"

"Wameanguka, na wamelipa. Wamenilipa mimi mwenyewe, kila Jumamosi, kidogo kidogo. Chakula, jasho, kukuvumilia." Akalifungua daftari la kwanza, penye sahihi ya herufi kubwa. "Aliyebaki bila kulipa ni huyu hapa. Jina la kwanza, masharti sawa na wote. Siku ile mizani yangu ilikupima tisini na mbili. Kilo kumi na tatu, kwa bei uliyoiweka wewe."

"Mimi? Nikulipe wewe?"

"Au nifungue huu mlango niwaonyeshe wale kile kidude."

Nje, Nurudin alikuwa akimwita kocha kwa nderemo. Njuki alivitazama viganja vya watu wale kupitia ufa wa mlango. Wiki sita za mlima zilikuwa zimewatia afya nyingi.

Akaiacha mizani iwe malipo. Akaiacha na filimbi. Sharifa akamfungulia mlango mwingine, ule wa kupitishia mizoga.

"Jana nilipimwa sukari," akasema kwa sauti ya chini. "Imeshuka hadi daktari akapima mara ya pili. Mungu atakulipa, Njuki."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekuachia huu mlango."

Hakuwa na mahali pa kwenda ila nyumbani. Aliposhuka Kanja, mkono mmoja ukishikilia suruali iliyompwaya, mamake, aliyeitwa Rwamba, alitoka shambani na jembe, akamtazama, akaanza kulia kwa Kiembu akidhani mwanawe ameletwa na ugonjwa. Ilimchukua Njuki muda kumtuliza. Habari ilienea, na jioni majirani wakajaa uani. Gachoki, mwenye ng'ombe wengi na tumbo la kulingana nao, ndiye aliyetangulia.

"Njuki, umefanya nini ukakuwa hivi?"

Njuki akafungua mdomo. Dawa tatu tofauti zilimjia kwenye ulimi, moja ikiwa na majani ya kutoka mlimani. Lakini alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake uongo ulionekana kuwa kazi nyingi kuliko ukweli.

"Nimetembea tu," akasema. "Kila asubuhi. Na nikapunguza chapati, sukari na mafuta, nikakula mboga mingi. Hakuna kingine."

Watu wakatazamana. Mmoja aliguna. Mwingine akamcheka waziwazi. Gachoki akasogeza kigoda karibu, akatoa mfuko wake wa pesa, akauweka gotini.

"Wacha hadithi, Njuki," akanong'ona. "Sema tu bei."