Panya Aliyenusa Kifua Changu Ana Kisasi

Kwa Mkuu wa Maabara ya Panya Wanusaji,

Shikamoo mzee. Panya nao nisalimie, isipokuwa mmoja.

Mie ni Brightson wa Tabata, mbeba mikungu ya ndizi soko la Mabibo, elimu darasa la saba na wiki tatu za sekondari. Nilikohoa miezi miwili. Zahanati ya mtaani wakatazama makohozi yangu kwa hadubini, wakasema safi. Nikatangaza soko zima. Mama, tunayegawana chumba kwa pazia, akasema basi na kikohozi chake ni vumbi tu. Kumbe makohozi yangu yakaletwa kwako, panya buku wako akanusa, akakwaruza, ndiyo ishara yake, eti nina TB. Nalalamika hivi:

1. Daktari kasoma miaka mitano. Panya kasoma miezi tu, tena kwa kulishwa. Mie wiki zangu tatu sikupewa hata karanga.

2. Nasikia akipatia anapewa ndizi. Mzee, ndizi nazibeba mie. Yaani nimembebea mbea wangu chakula chake kichwani, huku nakohoa njia nzima.

3. Kuna kisasi. Pale sokoni mie ndiye bingwa wa kuua panya kwa fagio, nimefikisha arobaini. Sawa, wanne, na mmoja nilimkuta kashakufa. Huyu wako lazima ni ndugu yao, na mfiwa hawezi kuwa hakimu.

4. Mlirudia kwa mashine, nayo ikamuunga mkono. Wanakaa jengo moja hao, wanajuana.

5. Loveness muuza nyanya, niliyemwambia nina kifua cha chuma, kaniuliza kama kimeingia kutu. Soko likacheka. Nikacheka nami, nikakohoa, wakaanza upya.

Kwa hiyo naomba nipimwe na mnyama asiye na ugomvi nami. Sungura anafaa. Mbuzi hapana, tulishagombania maganda.

Wasalimie wafagiaji, walinzi na wote wanaovaa makoti meupe hapo.

Wako anayedai haki huku akimeza vidonge kila asubuhi asije akaitwa mkaidi,
Brightson

Nyongeza: Leo ni wiki ya sita ya vidonge. Kikohozi kimekata, mikungu miwili naipandisha bila kupumzika. Mama bado anakohoa, na zahanati wamemwambia safi. Nimempa nesi kikopo cha makohozi ya Mama akuletee. Sungura muache. Mpe yule yule, na ndizi niliyofunga pembeni ni yake, hata asipokwaruza.