Malalamiko Kuhusu Maji ya Nyumbani Kwangu Kupunguzwa

Kwa Mhandisi Mkuu,
Kitengo cha Utabiri wa Mafuriko.

Ndugu Mhandisi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu mikavu. Mimi ni fundi makochi wa mtaa wa chini, karibu na daraja. Watu huniita Kiboko. Jina hilo sikujipachika. Nilipewa mwaka wa mafuriko makubwa, nilipombeba mgongoni msichana wa nyumba ya jirani, nikamvusha kwenye maji ya kifuani hadi barabara ya juu. Msichana huyo leo ni mke wangu. Kisa hiki nimekisimulia kwenye harusi yetu, kwenye harusi za watu wengine, na kwa kila mteja aliyekaa kusubiri kochi lake. Hakuna aliyewahi kulalamika, isipokuwa waliokuwa na haraka.

Mwaka huu mlimtuma kwetu binti mtaalamu, mwenye buti za mpira na kompyuta begani. Ana adabu, simlaumu. Alitueleza kwamba ofisi yenu inatengeneza modeli, yaani mto wa ndani ya kompyuta. Unaupa mvua iliyonyesha milimani, mteremko, aina ya udongo, miti iliyobaki na upana wa daraja, nao unakwambia maji yatafika wapi na lini. Ila kabla ya kuuamini, lazima kwanza uulizwe mafuriko ya zamani, ionekane kama unasema kweli. Kwa hiyo akapita nyumba kwa nyumba akiomba tumwonyeshe maji ya mwaka ule yalifika wapi. Mimi nilimwonyesha kifuani. Kifuani kwangu, nikiwa nimesimama wima.

Baada ya muda akarudi.

"Baba," akasema kwa upole, "alama yako inagombana na za mtaa mzima. Nikikufuata wewe, itabidi soko nalo lizame, na wenye soko wanasema halikulowa."

Nikamwambia soko lina mambo yake. Akacheka, akaenda zake. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe bado. Mkaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, mkatundika ramani. Buluu iliyokoza ni maji mengi, buluu iliyopauka ni maji machache. Nyumba yangu ilikuwa imepauka kama shati langu la kazini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni karani na tangu siku ile hapendi nilivyombeba dada yake mbele za watu, akanyoosha mkono na kuuliza rangi ile maana yake nini.

"Magotini," binti akajibu. "Au chini yake kidogo."

Ukumbi mzima ukanigeukia, ndugu Mhandisi. Hata waliokuwa wamesinzia.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmeniharibia jina. Tangu mkutano ule siitwi tena Kiboko, naitwa Bata. Mteja mmoja ameniletea stuli nimbadilishie kitambaa, akauliza kama nitaweza kuibeba au nasubiri maji yapungue.

2. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu mgumu. Alinikubali kwa sababu moja tu, kwamba nilimwokolea binti yake. Sasa kama binti hakuwa hatarini, basi ndoa yangu ilifungwa kwa takwimu zisizo sahihi. Tuna watoto wakubwa na mjukuu yuko njiani. Naomba ofisi yako inielekeze niwaeleze nini hawa, maana wote walitokana na maji ya kifuani.

3. Mke wangu. Kila nikianza kusimulia ananiangalia miguu, kuanzia magotini kushuka chini, kisha anaendelea kukunja nguo. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na sijui kama liko ndani ya mamlaka yako.

4. Kuhusu onyo la mapema. Mnasema siku hizi mvua ikinyesha milimani tutapata ujumbe kwenye simu kabla mto haujajaa, na kila mtu ataondoka kwa miguu yake mwenyewe, akiwa mkavu, na begi lake mkononi. Vizuri sana. Je, vijana wa mtaa huu wataoa vipi?

5. Miti. Binti yenu alisema tiba ya mto haiko darajani, iko kule juu unakotoka. Tangu hapo kila Jumamosi tunapandishwa huko kupanda miche, tunazibua mitaro, na watu wamekatazwa kujenga kwenye kinamasi kwa kuwa eti kinakunywa maji kabla hayajatufikia sisi. Nimepanda, mgongo ni shahidi. Lakini hebu fikiria: bonde likipona, maji ya kifuani hayatakuja tena mtaani kwetu nikiwa hai. Mmeninyang'anya mafuriko ya zamani, na sasa mnaninyang'anya na yajayo. Nitalisafisha jina langu kwa maji gani?

Kwa sababu hizo naomba mniongezee maji ya mwaka ule hadi kifuani. Kama sayansi inabana, niko tayari tukutane kiunoni, tuandikishane. Ni nyumba moja tu ya kupakwa buluu iliyokoza. Mto ni mkubwa, hautajua. Na kama hilo nalo ni zito, basi ile miche ya juu icheleweshwe kidogo, nipate walau masika moja ya kujitetea.

Sina la zaidi. Msalimie binti wa buti, msalimie dereva wenu aliyelala kwenye kochi la mteja wangu mkutano mzima, na yule bwana anayesoma kipimo cha maji pale darajani. Nyumbani wote wanakusalimu, isipokuwa shemeji.

Ni mimi niliyepunguziwa maji,

Fundi Makochi
(Kiboko, mpaka hapo mtakapoamua)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado haijaenda posta ujumbe wenu ulipoingia, mchana, kwetu jua likiwaka. Nilisema sitoki, nataka kuona hiyo modeli ikiaibika. Mke wangu akanikamata shati. "Baba watoto, toka!" Tukapanda na mtaa mzima hadi shuleni. Jioni mto ukaja. Tuliporudi, binti yenu alikuwa tayari sebuleni kwangu na futi yake, na mstari wa tope ukutani ulinifika kifuani nikiwa nimesimama wima. Makochi yameharibika yote. Watu tuko wote. Shemeji amekuja na koleo bila kuitwa, tumetoa tope pamoja. Tafadhali futa ombi langu la maji, na lile la miche lichane kabisa. Jumamosi nitakuwepo.

Mke wangu aliutazama ule mstari, kisha akanitazama mimi. Amesema kwa maji kama haya asingepanda mgongoni kwangu hata angebembelezwa na ukoo mzima. Mwaka ule alipanda kwa sababu aliona mwenyewe kwamba yanafika magotini.