Nukta Tano za Karani Mkuu

Ushirika wa Maziwa wa Amabere Amaya,
Nyansiongo.
Tarehe 9 Machi 1999.

Kwa Bwana Mwenyekiti,

MINT: KUGONGEWA, KUDHALILISHWA NA KUFUNGIWA MLANGO KARANI MKUU

Natumai barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi, Manasseh Machogu, karani wa ushirika huu tangu enzi za mikebe ya bati, nimesikia kwamba kamati itakaa Alhamisi kuamua kama kiti changu kikaliwe na Natasha wa risiti. Sababu, naambiwa, ni kwamba kwa mwezi mzima hakuna hesabu ya maziwa iliyotoka mezani kwangu kwenda kwa wenzangu kupitia kompyuta. Bwana Mwenyekiti, hesabu nimeandika kila siku. Kitufe cha kutuma nimekibonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Kama hazifiki, mwenye makosa ni kile kisanduku cha ukutani kinachounganisha kompyuta zetu, wanachokiita swichi, pamoja na fundi wake.

Fundi ni Kavita, binti wa Haresh mwenye duka la redio kule Kisii mjini. Baba yake ni mtu wa heshima; redio aliyonitengenezea inaongea mpaka leo. Binti alikuja Ijumaa na kompyuta ya mapajani, akaiunga na swichi, kikatokea kioo cheusi kisicho na picha wala rangi, akaanza kukiamuru kwa maandishi huku akitafuna njugu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuita mtu mzima bila salamu. Aliandika neno moja, ping, kisha namba ya kompyuta yangu. Akanieleza kwamba ni kama kupiga hodi: swichi inagonga mara tano na kompyuta inatakiwa kuitika. Nikauliza inangoja kwa muda gani. Akasema kila hodi hungojewa sekunde mbili tu. Sekunde mbili! Hapa kwetu hujamaliza kusema Bwakire, hujaulizia watoto, ng'ombe wala mvua, na tayari umeandikwa kwamba hukuitika. Kompyuta yangu imekaa na mimi, imejifunza adabu. Ilinyamaza, nami naiunga mkono.

2. Nukta. Kompyuta ikiitika, kioo huandika alama ya mshangao. Isipoitika, huandika nukta. Natasha alipata alama tano za mshangao, zimesimama wima kama askari wa gwaride. Hata kompyuta ya stoo, ambayo Onyancha huweka kikombe cha uji juu yake, ilipata tano. Mimi nilipata nukta tano. Ofisi nzima ilikuwa nyuma yetu ikitazama. Bosibori wa chai, ambaye hajawahi kuniita ila Bwana Karani, akauliza kwa sauti, "Kwani mzee amekwisha?" Niliumia, Bwana Mwenyekiti.

3. Kukanwa nikiwa nimesimama. Aliiamuru swichi itaje milango yake yote na nani yuko kwenye kila mlango. Wa kwanza ni stoo. Wa pili ni Natasha. Wangu ni wa tisa, baada ya mashine ya kupoza maziwa, na mbele ya jina langu imeandikwa kwamba hakuna aliyeunganishwa. Nikaweka mkono juu ya kisanduku ili kinitambue. Hakikubadilisha neno.

4. Aliufunga mlango wangu kwa amri, akaufungua kwa amri nyingine, eti pengine umesinzia. Mbele ya makarani wadogo! Nami nikaenda nikajifungia mlango wangu wa mbao, nikamkataza kukanyaga ofisini.

5. Kuitwa mwongo. Akaja mpaka dirishani, akasema, "Mzee, ile waya yako ya bluu iko sawa kweli?" Nilimjibu kwamba waya upo, nimeukaza kwa mikono yangu mwenyewe, na tangu niukaze unafanya kazi nzuri sana. Nilimjibu nikiwa nyuma ya pazia, lile jipya nililolitundika mwenyewe ili jua la asubuhi lisinizuie kukiona kioo cha kompyuta. Je, mtu mvivu hutundika pazia ili aone kazi?

Kwa hayo, naomba swichi iandikiwe barua ijieleze kwa nini isisimamishwe kazi bila marupurupu. Milango yake ipangwe kwa ukubwa wa vyeo: wa kwanza wako, wa pili wangu, na Onyancha apelekwe wa mwisho na uji wake. Ifundishwe kusalimu kwa Ekegusii na kungoja jibu angalau mpaka chai ipoe. Nukta waachiwe walio kwenye majaribio ya kazi. Ikikataa, irudishwe kwa wafadhili walioileta, na Kavita arudi kwenye redio za baba yake. Na kama kamati inaona swichi inawajua wafanyakazi kuliko mimi, basi ng'ombe nao waulizwe wanamjua nani.

Nimebakiza miaka michache nistaafu. Nisingependa kutoka hapa nikiwa nukta.

Nisalimie mama watoto na wajumbe wote, hata yule wa Nyamira aliyeleta hoja ya kiti changu.

Ni mimi wa mlango wa tisa,
M. Machogu,
Karani Mkuu (bado).

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Kavita amekuja kuomba radhi, na Bwakire aliyoisema imenyooka kabisa. Nikamfungulia. Aliitazama kompyuta, akalitazama dirisha, kisha akaketi sakafuni kwa kicheko. Kumbe ule waya wa bluu niliouchomoa nyuma ya kompyuta, nikaufunga kwenye misumari miwili ushike pazia, ndio uliokuwa njia ya hesabu zangu. Mimi nilidhani kazi yote inafanywa na ule mnene wa umeme. Ameurudisha. Hesabu za mwezi mzima zimemwangukia Natasha kwa mpigo, na tangu hapo hataki kusikia habari za kiti changu. Swichi imegonga mara tano na nimeitika zote. Naomba kioo kile cheusi kisomwe kwa sauti Alhamisi, ndiye shahidi wangu. Ile barua ya kuisimamisha kazi tusiiharakishe. Ninachohitaji sasa ni kamba ya pazia. Jua linaniunguza macho na sioni ninachoandika, lakini nipo.

M. Machogu!!!!!