Helikopta Iliyokataa Kutua kwenye Sherehe Yangu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Urubani wa Helikopta,

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: KUMTIA BINTI YANGU WOGA KWA RATIBA NA KWA MPANGILIO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mashine zako. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekwaruzwa. Ni baba wa yule mwanafunzi wako mrefu mwenye mwanya, aliyepata leseni miezi miwili iliyopita na ambaye bado anakodi ile helikopta yenu nyekundu mwisho wa wiki ili mkono usisahau kazi. Nimeendesha malori miaka thelathini na moja, na barabara nzima inanijua kwa jina la Mzee Kanyaga. Nimestaafu mwezi uliopita. Nayasema haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mgeni katika mambo ya usukani.

Mheshimiwa, nilikuletea msichana jasiri. Akiwa na miaka sita alipanda juu ya tangi la maji akakataa kushuka. Wewe umenirudishia mtu anayekagua kiti kabla ya kukikalia. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilimlea hivi, yeye amekua vile, kwa hiyo wa kuulizwa ni wewe.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, maana nasikia huko kwenu kisichokuwa kwenye orodha hakipo.

1. Kuzunguka. Binti yangu haingii kwenye chombo chochote bila kukizunguka chote, kuanzia pua hadi mkia, akigusa na kuinama. Kwa helikopta sina neno, ni mali yenu. Lakini amenifanyia hivyo kwenye pikapu yangu, barabarani, majirani wakitazama, hata jirani yangu Fundi Cherehani akaniuliza kama binti anataka kuinunua au anaiombea dua. Siku hiyo alikuta nati moja ya gurudumu imelegea. Nikamwambia nati hiyo naijua, imelegea wiki tatu sasa na haijawahi kumsumbua mtu. Akaingia ndani akarudi na spana. Mbele ya Fundi Cherehani, Mheshimiwa. Nikamnyang'anya, nikamwambia nitaikaza mwenyewe nikipata nafasi.

2. Kutoamini geji. Mmemfundisha kwamba mshale wa mafuta ni wa kusikilizwa tu, lakini wa kuaminiwa ni macho, kwa hiyo rubani afungue tangi na kuchungulia mwenyewe. Ugonjwa huu ameuingiza jikoni. Alinyanyua mtungi wa gesi, akautikisa, akasema hautafika jioni, wakati mshale ulikuwa unaonyesha nusu nzima. Mama yake akamwamini yeye badala ya mshale na badala yangu. Gesi iliisha saa tisa mchana, lakini hilo silo ninalolalamikia.

3. Kusoma orodha kwa sauti. Mambo anayoyajua kwa kichwa, anayasoma. Nilimuuliza kwa upole kama hajiamini kichwani. Akanijibu kwamba kichwa ndicho hasa asichokiamini, na zaidi siku kikiwa na furaha. Sasa hayo ni majibu ya mtu tuliyemsomesha? Tena kuna sheria yenu kwamba wakati wa kupaa na wakati wa kutua hakuna mazungumzo, ila yanayohusu safari. Wiki iliyopita alikuwa anatoa pikapu kinyumenyume getini, akamwomba shangazi yake anyamaze kidogo mpaka wafike barabarani. Shangazi mtu alikuwa katikati ya habari za ndoa ya jirani. Dada yangu huyo hajawahi kukatizwa tangu azaliwe, na mpaka leo hajasema habari ile iliishaje. Nyumba nzima tumebaki tunaning'inia.

4. Kujihoji. Kila siku ya kuruka anaamka na kujiuliza maswali: nimelala vya kutosha? Nimekula? Naumwa? Nimemeza dawa gani? Kuna mtu nimemkasirikia? Jibu moja likimchafukia, anapiga simu kwenu kwamba leo haruki, na nasikia nyinyi mnamshukuru. Mheshimiwa, mimi nimeendesha na homa, nimeendesha na jino, nimeendesha nikiwa nimenuniana na mama yake. Kuna safari moja nilikuwa na vyote vitatu kwa pamoja, na nikafika salama, ingawa si kwenye mji niliotumwa.

5. Mizani. Aliponiambia anataka kunirusha siku moja, nilifurahi mpaka nikaenda kukata nywele. Kumbe kabla ya kupanda, abiria anaulizwa kilo zake kama gunia. Nikamtajia themanini. Akanitazama tumboni, akasema, "Baba, helikopta haitanii." Kesho yake akaja na mizani. Niliahirisha safari kwa heshima zote, na tangu siku hiyo hatujaizungumzia tena. Hapo hapo nikumbushe kwamba siku niliyokuja chuoni, yule mlinzi wenu wa lango alinivua kofia, eti kofia na mapanga yanayozunguka juu ya helikopta havikai pamoja. Kofia ile nilipewa kazini siku ya kuagwa, imeandikwa miaka yangu kwa uzi wa dhahabu. Nikaishika mkononi saa nzima kama mtu anayeomba msaada.

6. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe.

Jumamosi iliyopita ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu, kwenye uwanja wa shule ya msingi nyuma ya nyumba yetu. Vibali vyote binti alivitafuta mwenyewe, kwenu, kwa mkuu wa shule na kwa wahusika wa anga. Mpango ulikuwa atue saa saba kamili na mama yake akiwa kiti cha kushoto, kilemba kichwani, ashuke mbele ya wageni. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimemwambia Fundi Cherehani kwamba mke wangu atashuka kutoka juu. Kila nilipompa suruali ya kupunguza, nilimkumbusha.

Na niliuandaa uwanja kwa mikono yangu. Siku moja kabla, nilisimamisha nguzo mbili mpya, moja kila upande, nikavuta waya mweusi kutoka hii hadi ile ili tutundike taa za rangi juu ya mahali pa kutua. Taa zenyewe zilichelewa, lakini waya ulikuwa tayari, umenyooka vizuri. Pembe nne za uwanja nilitandika shuka nyeupe. Sikuziwekea mawe, nilitaka zipepee. Wageni niliwapanga nyuma, upande ambao mkia ungeelekea, maana mbele ni pa rubani na si adabu kumkalia usoni. Shangazi mtu nilimpa mwavuli mkubwa afungue wakitua, na wanaume wote tulikubaliana kurusha kofia juu. Mimi mwenyewe nilijificha kule uwanja unakopanda, nikiwa na shada la maua, niteremke mbio niwakumbatie kabla mapanga hayajasimama. Nakumbuka binti aliwahi kuniambia kwamba upande wa mwinuko mapanga huja usawa wa kichwa. Nilidhani anawazungumzia watu warefu.

Saa saba kasoro dakika mbili tukamsikia. Watu wakasimama. Akapita juu sana, akazunguka mara moja. Akarudi chini kidogo, akazunguka tena, polepole. Mimi kule nilipojificha nikasema huyu ni wangu, anaongeza madaha. Halafu pua ikanyanyuka, helikopta ikageuka, ikaenda zake. Tukabaki tunatazama mkia, shangazi mtu na mwavuli wake wazi, mimi na maua.

Simu ikalia. Alisema, "Baba, nisamehe, sijaridhika na uwanja. Tunarudi chuoni, tutakuja na gari." Kwa sauti ya utulivu, kama anaahirisha kikombe cha chai. Walifika baada ya saa moja na nusu kwenye teksi yenye mlango mmoja usiofunguka, mama yake akatokea upande wa dereva, kilemba kimelala. Fundi Cherehani alisema amewahi kuona mwewe akizunguka juu ya vifaranga na kuondoka na njaa, lakini hajawahi kumwona mwewe aliyealikwa kwa kadi. Watu walicheka mpaka wakaomba maji. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba Jumapili iliyotangulia aliukagua uwanja wote kwa miguu, na nguzo zile hazikuwepo. Eti waya hauonekani kutoka angani, kwa hiyo rubani hatafuti waya, anatafuta nguzo, na akiona nguzo mbili anachukulia kwamba kuna waya katikati mpaka ahakikishiwe vinginevyo. Eti ndiyo maana huzunguka juu kwanza, kisha chini, na wakati wote anajua atatokea wapi kama mambo yakiharibika. Na akiwa na shaka, hatui. Hashindani na uwanja, hashindani na saa, na hashindani na watu waliomsubiri. Nikamwambia waya wenyewe ni mwembamba kama tambi, utaifanya nini mashine inayobeba watu wanne? Akaenda kusalimia wageni.

Mheshimiwa, mimi nimeaibika. Sipiti tena mbele ya cherehani ya yule bwana, nazunguka na njia ya nyuma. Aibu hii imetengenezwa darasani kwako, kwa chaki yako. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

Kwanza, usimkodishie tena helikopta mpaka ajifunze kujikaza. Pili, orodha zote zifungiwe kabatini na ufunguo nikabidhiwe mimi. Tatu, lianzishwe somo la Ujasiri, ambalo niko tayari kulifundisha kila Jumanne, bila posho, nikipewa chai tu. Nne, na hili ndilo kubwa, umwamuru arudi Jumamosi ijayo, saa saba ile ile, kwenye uwanja ule ule. Wageni nitawarudisha wale wale, kila kitu nitakiacha kama kilivyokuwa, na yeye atue, liwe liwalo, mama yake akiwa kiti cha kushoto. Mimi naamini mtoto akishatua mara moja mahali asipopataka, woga utamtoka wenyewe.

Nifikishie salamu kwa walimu wote, kwa mafundi mitambo, kwa mama wa kantini aliyenipa chapati ya pili bila kuombwa, na hata kwa yule mlinzi wa lango, kwa shingo upande. Shangazi mtu anakusalimu. Mama yake pia angekusalimu, ila nimeandika akiwa sokoni.

Ni mimi mzazi mwenye uchungu,

Mzee Kanyaga,
dereva (mstaafu).

Tanbihi. Mheshimiwa, bahasha nimeifungua tena.

Niliondoka na barua hii kuelekea posta kwa pikipiki, nikakatisha uwanjani ili nisipite kwa Fundi Cherehani. Nguzo moja tangu juzi imeinama kidogo. Nilikuwa naenda taratibu, mchana kweupe, jua liko mgongoni. Ghafla kofia yangu ikaniacha. Nilipojigusa kwenye paji la uso, vidole vilirudi na damu, si nyingi. Nikageuka nyuma, nikaiona kofia kwenye majani, na hewani bado sikuona kitu. Nilinyoosha mkono nikapapasa kama kipofu mpaka nikaushika, umelegea hadi usawa wa uso.

Waya ule niliuvuta mimi. Fundo nililifunga mimi. Asubuhi nzima nilikuwa naandika habari zake, upo ukurasa wa pili. Na sikuuona. Nguzo nilikuwa naziona vizuri sana, zote mbili.

Nikakaa kwenye majani. Pikipiki yangu ilikuwa inatembea kama mwendo wa ng'ombe. Nikaanza kufikiria kitu kinachoshuka kutoka juu, na kiti cha kushoto, na kilemba. Sikuweza kuifikisha fikra hiyo mwisho. Nililia, Mheshimiwa, nakuambia kwa sababu hunijui.

Nguzo tumezing'oa leo hii hii. Fundi Cherehani alikuja kunishikia ngazi. Aliutazama waya, akautazama mstari usoni pangu, na badala ya kutania akauviringisha wote mwenyewe. Nati ya gurudumu nimeikaza. Zilizolegea zilikuwa mbili.

Barua nilitaka kuichana, lakini mama yake amerudi sokoni, ameisoma yote, akasema iende hivi hivi ilivyo, ili chuo kijue mtoto huyu anatoka nyumba gani. Basi maombi yangu manne yafute. Orodha zako usizifungie popote. Binti usimwonyeshe barua hii. Mwambie tu kwamba baba yake anaomba ile safari aliyoiahirisha, siku yoyote ambayo rubani atakuwa amelala vya kutosha. Nitakuja bila kofia.

Na kilo zangu ni tisini na sita.